Sufuria Zinarudi

Siku ya tatu baada ya kukuzika, mama,
aliyetangulia ni kijana wa Makorora.
Kasimama mlangoni na baiskeli, nyuma kafunga
ile sufuria kubwa kwa kamba ya katani.
"Tunayo tangu harusi ya dada," akasema,
akatazama chini.
Dada yake ana mtoto darasa la pili.

Niliigeuza. Kitakoni, kwa rangi nyekundu ya kucha,
herufi zako mbili, M na K.
K imelala kidogo ubavu,
kama wewe mchana wa Ramadhani.

Kisha vikaja mfululizo, bila kuitwa:
mwiko wa pilau kutoka Chumbageni,
majamvi mawili, moja limeungua pembeni
na aliyelileta hakusema liliunguaje,
mbuzi ya nazi, meno yamelika,
na mwavuli wa buluu, ule ulioniambia umepotea
mwaka nilioloa hadi kifua kikanibana
nikalazwa Bombo wiki nzima.

Niseme kweli, kinyongo nilikuwa nacho.
Nyumba yetu ya Barabara ya Kumi na Nane
ilimiliki vyombo vya kulisha mtaa,
na sisi watano tukipika wali kwa awamu
katika sufuria ya chai.
"Viko kazini," ulikuwa ukisema.
Vyombo vyako vilikuwa na kazi kuliko baba
tangu reli ilipompunguza.

Mzee Shelukindo, fundi cherehani, alikuja jioni.
Hakutaka kukaa.
Akafungua kipande cha kitenge, ndani elfu kumi na tano,
noti zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa.
"Mama yako alininunulia dawa."
Nikamwambia, mzee, yaishe, Mungu ameshapokea.
Akalia.
Nilidhani nampunguzia mzigo,
kumbe nampokonya njia aliyoichagua ya kukuaga.
Nikanyoosha mikono yote miwili, nikazipokea,
nikazihesabu mbele yake, moja moja,
kama ambavyo ungefanya.

Usiku ule nikanyanyua godoro,
nikakuta daftari.
Nikasema, hapa sasa, hapa yamo majina ya wadeni,
tutajua nani kabaki na sinia la shaba.
Mwandiko wako wa ngumbaru, mkubwa, unaovuka mistari:

*Mwantumu kalala na mimi wodini siku nne. Sijamlipa.*
*Mama Kihiyo ndoo sita za maji, msiba wa mume wangu. Sijamlipa.*
*Yule konda simjui jina, kanishusha mlangoni na mvua. Sijamlipa.*

Kurasa na kurasa. Uliowapa, hakuna hata mmoja.
Na karibu na mwisho, kalamu ikiwa inakatika wino:
*Riziki kanikanda miguu. Sijamlipa.*

Riziki ni mimi, mama.
Nilikukanda mara moja, Idi ile,
dakika kumi labda, nikiangalia simu.

Sinia la shaba halijarudi mpaka leo.

Nilivisugua vyombo vyote kwa majivu na kumbi la nazi,
nikavipanga chumbani kwako hadi dirishani,
nikanunua na kufuli.
Nilitaka tu vikae. Vipumzike.
Nilitaka niingie asubuhi nikute umejaa chumba.

Jumatano, hodi.
Binti mdogo, kichwani kitambaa cha kijani,
anasimama kwa mguu mmoja, mwingine unajikuna:
"Shikamoo. Bibi Mwantumu kaniambia niseme
tuna shughuli Mabawa,
na tumesikia sufuria zimerudi."

Nikafungua mdomo nikatae.
Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ya heshima.
Ikatoka sauti yako:
"Chukua na mwiko, mwanangu.
Sufuria bila mwiko ni yatima."

Akajitwika. Sikuuliza itarudi lini.
Nilisimama kibarazani na kufuli mkononi
mpaka alipokata kona ya mashine ya kukoboa,
na kule juu, kitako kikitazama mbingu,
K yako imelala ubavu,
inakwenda Mabawa.